Legasi wa Nyanya Yake

Kwetu, mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama yake baba. Hakuna kuchagua. Nilipojifungua binti yangu, huku Dallas, mume wangu, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Houston, aliniuliza tumwite nani, nami nikashangaa kwamba hilo ni swali. Mama mkwe wangu alipoambiwa kwa simu kwamba mtoto ana jina lake, alilia. Siku chache baadaye akaja kwa gari kutoka Houston na kifurushi kilichofungwa utepe. Ndani mlikuwa na fulana ya mtoto mchanga, yenye rangi za chama chake cha kina dada wa chuo, rangi ambazo sitazitaja, na maandishi kifuani: Legasi wa Nyanya.

Nilidhani ni pambo tu. Niliipiga pasi, nikamvalisha mtoto, tukapiga picha.

Ilichukua muda kuelewa. Mama mkwe wangu alikuwa mwalimu mstaafu na mjane, mwanamke mrefu anayetembea kama aliyebeba mtungi kichwani. Alinieleza kwa subira, kama mtu anayemweleza mgeni mambo ya ukoo. Vyuo vya Amerika vina vyama vya wavulana na vya wasichana, vinavyoitwa kwa herufi za Kigiriki. Ukiingia umeingia hadi kaburini, na hata mazishini wenzako huja wamevaa nyeupe kukusindikiza kwa ibada yao wenyewe. Msichana ambaye mama yake, nyanya yake au dada yake ni mwanachama huitwa legasi, mtoto wa urithi. Urithi huo haumpi nafasi moja kwa moja. Bado anatakiwa kuwa na alama nzuri, barua za kumsifu, na kazi za kujitolea. Lakini jina lake likifika mezani huangaliwa mara ya pili. Tena urithi hufa mwenye nao akilegea. Nyanya aliyeacha kulipa ada na kuhudhuria mikutano hana cha kumrithisha mtu.

"Ndiyo maana sijawahi kukosa," aliniambia. "Nilikuwa namwekea."

Sikujua aliyewekewa ni nani hasa, maana alianza kutokosa kabla binti yangu hajazaliwa. Mume wangu ndiye aliyenifafanulia. Baba yake pia alikuwa na chama chake cha wanaume, naye mume wangu, mtoto wa pekee, alikuwa legasi tangu tumboni. Alipofika chuoni alikataa. Hakusema kwa nini, na wazazi wake hawakumsamehe vizuri. Kwa hiyo tamaa yote ya familia ile ilimruka yeye ikamwangukia binti yangu, na mimi, kwa desturi ya kwetu, ndiye niliyempa hata jina.

Hofu yangu ilianzia kanisani. Tunasali katika kanisa la Wakenya, upande wa Dallas, na siku moja mama mmoja anayefundisha vijana alizungumzia viapo. Alisema vyama vile vina madhabahu, na kwamba mtoto anayeapishwa kwa jina la mizimu ya Wagiriki amefungwa yeye na uzao wake. Mimi ni muuguzi, nimezoea kupima kabla ya kuamini, lakini maneno yale yalikaa nami. Hasa lile la uzao. Binti yangu alikuwa shule ya msingi wakati huo, na ile fulana bado nilikuwa nayo kwenye sanduku. Sikuweza kuitupa wala kuitazama.

Hospitalini kwetu, huku Plano, niliona upande mwingine wa jambo hilo. Mwenzangu mmoja wa zamu, mzungu wa hapa hapa Texas, alikuwa amelelewa katika chama cha kina dada walichopitia mama yake na nyanya yake. Binti yake alipofika chuo, wiki ile ya kutembelea nyumba za vyama, nyumba ya chama cha mama yake ilimwacha siku ya kwanza tu. Mwenzangu alilia katika chumba cha dawa. Alisema zamani legasi hangeachwa mapema hivyo. Kama hawamtaki, mama angepigiwa simu kwa heshima. Sasa matawi mengi yameacha kuwapa legasi upendeleo, kwa sababu upendeleo ule uliwafaa wale tu ambao nyanya zao waliruhusiwa kuingia enzi wengine walipofungiwa mlango. Alikubali kwamba hoja hiyo ni ya haki, na bado alilia. Mimi nilimpa karatasi ya kupangusia macho, na moyoni nikafurahi. Nikajiambia, kumbe mlango unafungwa. Huenda utafungwa kabla binti yangu hajaufikia.

Lakini chama cha mama mkwe wangu hakikuwa kama hicho. Kilianzishwa na wasichana weusi nyakati ambazo hawakutakiwa popote, na ndani yake urithi una uzito mwingine. Binti yangu alilijua hilo tangu utotoni. Likizo zote alizitumia Houston kwa nyanya yake, akipelekwa kwenye chakula cha mchana cha akina mama wale, akiitwa mpwa na wanawake wasiomhusu kwa damu. Alipochagua chuo, alichagua cha Houston. Mume wangu alisema tumwache. Nami nilimwacha, nikawa naomba kila nikiendesha gari kwenda kazini.

Mwaka wake wa pili, baada ya Krismasi, alianza kubadilika. Kwanza aliacha kupiga simu ya video. Tukawa tunasikia sauti tu, na sauti yenyewe ilikuwa ya mtu anayechagua maneno huku mwingine akimsikiliza. Akaacha kwenda kwa nyanya yake chakula cha Jumapili, ingawa ni mwendo mfupi kutoka chuoni. Nilipompigia mama mkwe wangu kumweleza wasiwasi wangu, alicheka kwa raha.

"Mwache," alisema. "Yuko kwenye shughuli. Hawezi kukuambia, na wewe usimuulize."

Niliuliza shughuli gani. Akasema kuna ile ya rasmi, ya fomu na mafunzo na mitihani, ambayo makao makuu yanaijua. Kwa jinsi alivyolikazia lile neno rasmi, nikaelewa kuna ile nyingine, ya kificho.

Kazini nilikuwa nimeona mvulana mmoja aliyeumizwa katika shughuli kama hizo, akaletwa na wenzake wa chama, ambao walimwacha mlangoni wakaondoka. Alipona. Lakini tangu wakati huo kila simu ya Houston niliipokea kabla haijaita mara ya pili. Nililala nusu usingizi. Mume wangu alikuwa safarini kikazi, nami nilikula nimesimama, nikiwa nimeweka simu kando ya sahani.

Kisha binti yangu akapiga mwenyewe. Alinijulia hali, akaulizia kanisa. Halafu, kama aliyekumbuka tu, akasema, "Mama, mtu anaweza kumeza ibuprofen ngapi kwa siku?"

Nikamuuliza nani anameza dawa hiyo ya maumivu. Akasema ni yeye, alifanya mazoezi kupita kiasi. Nikauliza kinachouma ni nini. Mapaja, akasema, na mgongo kwa chini. Nikauliza tangu lini, na hapo nikasikia mtu mwingine chumbani akisema neno, na simu ikakatika.

Nilimwomba mkubwa wangu ruhusa, nikaingia barabara ya Houston nikiwa na sare za kazi. Mvua ilikuwa inanyesha na malori yakinirushia maji kwenye kioo. Niliendesha nimeshika usukani hadi vidole vikauma. Niliogopa mambo mengi kwa pamoja, nami sikuweza kuyatenganisha. Niliogopa viapo. Niliogopa figo. Niliogopa kwamba nikifika nitamkuta binti yangu mzima kabisa, na aibu nitakayomletea haitasahaulika. Nilipiga simu yake njia nzima, haikuchukuliwa.

Sikwenda moja kwa moja kwake. Sikujua nambari ya mlango. Nilikwenda kwa mama mkwe wangu, nikamkuta sebuleni, chini ya picha za wasichana wenzake waliojipanga mstari wamevaa sawasawa, kila mmoja amemwekea wa mbele mkono begani. Aliniona sare zangu zimelowa, akasimama.

Nilimwambia kila kitu. Alisikiliza, halafu akatikisa kichwa. Alisema nisiende kumwaibisha mtoto mbele ya wenzake. Alisema wote walipita, yeye mwenyewe alipita, na angalia, yuko hapa. Ilikuwa hivyo siku zote alipoyasimulia: walivyopakwa matope, walivyokaripiwa, walivyotembea kama bata, na kicheko mwishoni. Nilikuwa nimevisikia visa vile mara nyingi, na kila mara nilikuwa nimecheka naye.

"Mama," nikasema, "unajua dawa ile hufanya nini kwa figo zilizochoka?"

Akasema hajui.

Nikamweleza polepole, kama ninavyowaeleza jamaa za wagonjwa. Mtu akipigwa sana mahali pamoja, au akichuchumaa na kuinuka hadi misuli ipondeke, misuli ile humwaga uchafu kwenye damu, na figo ndizo huziba. Ukiongeza dawa ya maumivu juu yake, unazimaliza. Mtu hatoki damu. Hana jeraha la kuonyesha. Anauma tu, na mkojo unabadilika rangi, na akinyamaza anakufa akidhani ni uchovu.

Aliingia chumbani, nami nikadhani amekwenda kulala, amekataa. Akatoka amevaa koti lake zuri, na juu ya moyo amebandika ile pini ya chama, ndogo ya dhahabu. Nilimfunga kifungo cha juu.

Apatimenti ya binti yangu, ambayo mama mkwe wangu aliijua, ilikuwa ghorofa ya chini, karibu na chuo. Mama mkwe wangu ndiye aliyebisha. Aliyefungua ni msichana mkubwa kidogo kuliko binti yangu, mwenye uso mtulivu. Alianza kusema kitu, kisha akaiona pini, mgongo wake ukanyooka wenyewe.

"Mjukuu wangu yuko wapi?"

Msichana akasema kwa adabu kwamba anasoma.

"Sikuuliza anafanya nini."

Msichana akasogea kando. Ndani walikuwamo wengine wanne au watano, hawajafanya lolote baya la kuonekana. Walikuwa wamekaa na vitabu. Niliwatazama nyuso zao, nikaona ni watoto. Hilo liliniogofya kuliko kama ningewakuta na fimbo mkononi.

Binti yangu alitoka chumba cha nyuma. Alikuwa amevaa suruali pana, nywele zimefungwa bila kuchanwa. Alitembea akiburuta miguu kama mama aliyetoka kujifungua. Aliponiona uso ulijaa hasira, na alipomwona nyanya yake nyuma yangu, hasira ikageuka kitu kingine.

Huwa ananijibu kwa Kiingereza hata nikimsemesha Kiswahili. Nilimuuliza kwa Kiswahili, ili wenzake wasielewe, mkojo wake una rangi gani.

Akajibu kwa Kiswahili, chenye lafudhi ya Texas. "Kama strungi, Mama. Tangu juzi."

Strungi ni chai isiyo na maziwa. Nilimfundisha neno hilo alipokuwa mdogo.

Nikamwambia twende. Akasema hawezi. Zimebaki siku chache tu, na akiondoka sasa wenzake aliojipanga nao kuingia chamani ndio wataadhibiwa kwa ajili yake. Nikamvuta mkono, akautoa. Akamgeukia nyanya yake, akaanza kulia.

"Wanasema legasi huingia kwa mlango wa mbele," alisema. "Wanasema mimi nimerithi tu, mimi ni karatasi. Kwa hiyo lazima nibebe mateso mara mbili ya wengine, ili mtu asije kusema nilipewa kwa sababu yako."

Karatasi ndilo jina wanalomwita aliyeingia kwa njia rasmi bila kuteswa, kwamba uanachama wake uko kwenye makaratasi tu. Nilikuja kulijua baadaye. Lakini mama mkwe wangu alilijua pale pale, na nilimwona akizeeka mbele ya macho yangu. Kile alichokihifadhi miaka yote ndicho walichompigia mjukuu wake.

Alimwendea, akamshika uso kwa viganja viwili. "Hili silo nililokuwekea," alisema. "Chukua viatu."

Alichukua viatu.

Hospitalini, pale pale Houston, walimlaza. Nilitazama majibu ya damu kwenye skrini kabla daktari hajanieleza, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani nisingejua kusoma majibu. Wakamwekea dripu, maji mengi, wakawa wanapima kinachoingia na kinachotoka. Daktari alisema huenda akahitaji mashine ya kusafisha damu, huenda asihitaji, tusubiri. Nimewaambia watu wengi neno hilo, tusubiri. Sikuwa nimewahi kukaa ndani yake. Mama mkwe wangu alikaa upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili, na kila chupa ya mkojo ilipojaa nilisimama kuitazama dirishani, kwenye mwanga. Ilikuwa kahawia, ikabaki kahawia. Mume wangu alifika kutoka safarini akasimama mlangoni, akamtazama mama yake. Baadaye tu, tukiwa koridoni, aliniambia hiki ndicho alichokikimbia alipokuwa kijana. Rafiki yake mmoja alitoka kwenye shughuli kama hiyo na sikio moja halisikii.

Rangi ilianza kufifia siku zilivyopita. Ilipofanana na nyasi kavu, rangi ya afya, nilitoka nje nikalia karibu na magari ya wagonjwa.

Hospitali iliuliza nani alifanya hivi. Binti yangu alitusihi tusiseme. Alisema tukisema ataishi bila rafiki hata mmoja. Nilisitasita, nakiri, kwa sababu niliogopa kumpoteza akiwa hai. Mama mkwe wangu hakusitasita. Aliwapigia simu makao makuu ya chama chake mwenyewe, akataja jina lake na mwaka aliojiunga, halafu akawapigia chuo. Tawi lilifungwa. Wasichana kadhaa walisimamishwa masomo, yule mwenye uso mtulivu akiwa mmoja wao.

Baada ya hapo tuliishi kwa hofu ya aina nyingine. Binti yangu alirudi Plano, akahamia chuo cha karibu, akawa haongei nami ila kwa lazima. Watu walimwandika vibaya mtandaoni. Mama mkwe wangu alipigiwa simu zisizosema neno. Mwanamke mmoja aliyekuwa rafiki yake tangu ujana alimwambia kwenye maegesho ya duka kwamba ameichoma nyumba yake ili kuua panya. Mume wangu aliweka kamera mlangoni, nami kila gari geni lililosimama mtaani nililitazama kupitia pazia hadi liondoke. Kanisani waliomba sana juu ya viapo. Sikupinga. Lakini hakuna aliyeniuliza figo zinaendeleaje, nikawa naondoka mapema kabla ya chakula.

Alipona. Alimaliza chuo, akaanza kazi katika ofisi moja hapa Plano. Taratibu akaanza tena kunisemesha, kwanza mambo ya mapishi, kisha mengine.

Mwaka jana, tukikunja nguo, aliniambia kwamba akina mama wa tawi la wahitimu la chama kile kile, wale wanaojiunga wakiwa watu wazima, wamemwalika. Kwao hakuna shughuli ya kificho. Ni fomu, mafunzo, na siku ya kupokelewa, katika ukumbi wa kanisa Fort Worth, mchana. Nyanya yake ndiye angembandika pini. Hakushawishiwa na mtu, alisema. Nyanya hata hakumtajia.

Niliiweka chini nguo niliyokuwa nakunja. Nikamuuliza, "Nikikuambia usiende?"

"Nitaenda, Mama. Wale walinifanyia ubaya, lakini hawakuwa na haki ya kunifukuza kwetu."

Kwetu. Niliiokota ile nguo, nikaendelea kukunja.

Nilimpeleka kwa gari mwenyewe. Kilele cha siku ile wasio wanachama hawaruhusiwi kukiona, kwa hiyo nilibaki kwenye gari, nikitazama mlango uliofungwa. Jua lilikuwa kali, watoto walicheza mpira uwanja wa pili. Kila sauti iliyotoka ndani, wimbo, vigelegele, kimya, niliipima. Mama mmoja mzee aliyevaa kofia alitoka na sahani iliyofunikwa foili, akabisha kwenye kioo changu. Alisema amesikia mama wa msichana mmoja anayepokelewa yuko nje peke yake, na si vizuri. Kulikuwa na kuku, mboga za majani na mkate wa mahindi. Nilimshukuru. Aliporudi ndani nilifunga milango ya gari kwa kitufe, nikala chakula chote, macho yangu kwenye ule mlango.